Kulala Si Kupona

Katika nchi yetu dawa ya kikohozi hupimwa kwa usingizi. Mtu akinywa kijiko kimoja jioni akaanguka kitandani kama gogo mpaka jua limpige usoni, kesho yake huisifu dawa hiyo kwa jirani: "Ile ndiyo dawa, ina nguvu." Akinywa nyingine akabaki macho, akaenda kazini na kurudi salama, huilalamikia kwamba ni maji ya sukari na kwamba aliyemuuzia kamwibia. Maneno hayo nimeyasikia kwa zaidi ya miaka hamsini, tangu nilipokuwa kijana wa chuo cha ualimu, nikiwa mwalimu wa darasa, nikiwa mwalimu mkuu, na sasa nikiwa mstaafu ninayekaa barazani na wenzangu. Nimechoka nayo. Kipimo hicho ni cha uongo, na uongo wenyewe si wa kuchekesha, kwa kuwa gharama yake hulipwa barabarani, darasani na kwenye mifupa ya wazee.

Tuanze na kikohozi chenyewe. Kukohoa si ugonjwa. Ni kazi ya mwili. Kifua kinapoona kitu kisichotakiwa, vumbi, makohozi au punje ya wali iliyopotea njia, hukisukuma nje kwa kishindo. Dawa inayolaza aghalabu haimwondolei mtu kile kinachomkohoza. Inamlaza mwenye kikohozi tu. Ni sawa na kumpiga rungu mlinzi anayepiga kelele kuwa mwizi kaingia, kisha tukausifu utulivu wa nyumba.

Na usingizi huo watoka wapi? Wengi hudhani kuwa ndiyo dawa yenyewe ikifanya kazi. La hasha. Mwaka 1937, katika Taasisi ya Pasteur mjini Paris, Daniel Bovet na wenzake walipata dawa za kwanza za kupinga histamini, yaani ile kemikali ya mwili inayoleta muwasho, chafya na macho kutoa machozi mtu anapopatwa na mzio. Kazi hiyo ilimpatia Bovet Tuzo ya Nobel mwaka 1957. Huko Cincinnati, Marekani, mwaka 1943, George Rieveschl akatengeneza difenhidramini, ambayo ilianza kuuzwa mwaka 1946. Hizo zilikuwa dawa za mzio, na kwa mzio ni dawa nzuri. Lakini zina tabia moja: hupenya mpaka ndani ya ubongo, na huko ubongoni histamini ina kazi nyingine kabisa, nayo ni kutuweka macho. Ukiizuia, mtu husinzia. Kwa hiyo usingizi ule ni maudhi ya dawa, kama vile kichefuchefu kilivyo maudhi ya dawa nyingine. Hakuna anayesema, "Dawa hii imenitapisha, basi ina nguvu." Mbona usingizi tunaupigia makofi?

Mafua na kikohozi cha kawaida, kile kinacholetwa na virusi, hakiletwi hasa na histamini. Mapitio ya tafiti nyingi yaliyotolewa na jumuiya ya Cochrane mwaka 2014 hayakupata ushahidi mzuri wa kuthibitisha wala wa kukanusha kwamba dawa za kikohozi za kununua dukani zinasaidia. Yaani mtu anaupokea usingizi kwa hakika, na nafuu kwa kubahatisha.

Sasa twende barabarani. Mwaka 2000 watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, walitoa matokeo ya jaribio walilowafanyia watu 40. Waliwakalisha katika mtambo unaoiga gari, wakawapima uendeshaji wao kwa nyakati mbalimbali: baada ya kunywa miligramu 50 za difenhidramini, baada ya dawa mpya ya mzio isiyolaza, baada ya pombe ya kutosha kuwalewesha, na baada ya kitu kisicho na dawa yoyote. Waliendesha vibaya zaidi walipokunywa difenhidramini, kuliko hata walipokunywa pombe. Na lipo jambo la pili ambalo mimi linanitisha kuliko la kwanza: kiasi cha usingizi ambacho mtu mwenyewe alisema anakisikia hakikuwa kielelezo kizuri cha jinsi atakavyoendesha. Basi yule dereva anayesema, "Mimi nimezoea, hainilazi," anatoa ushahidi ambao hauna thamani.

Atatokea mjuzi aseme kuwa dozi ya mtu mzima katika dawa nyingi za maji za aina hiyo ni karibu nusu tu ya miligramu 50. Ni kweli. Lakini nani kwetu anayepima? Dozi imeandikwa kwa mililita, na kijiko cha chai ni mililita 5, kijiko cha chakula ni mililita 15. Nyumba ngapi zinavitofautisha vijiko hivyo wakati wa kunywa dawa? Kile kikombe kidogo cha plastiki kinachokuja na chupa hupotea siku ya pili, watoto wamekichukua kuchezea. Na wapo wanaume wazima, nimewaona kwa macho yangu stendi, wanaoifungua chupa na kuipiga tarumbeta kama soda, kisha wanapanda kwenye usukani.

Tangu mwaka 2023 mabasi ya abiria yameruhusiwa tena kusafiri usiku kucha, baada ya katazo la miaka mingi. Siupingi uamuzi huo. Nchi inataka kutembea. Ila naomba msomaji afikirie basi linaloteremka mlima Kitonga saa nane za usiku, abiria wamelala, mizigo imejaa, na dereva ana kikohozi alichokipata kwenye baridi ya Makambako. Askari wa usalama barabarani ana kifaa cha kupima pombe. Dereva atapuliza, kifaa kitasema hana kitu, naye ataruhusiwa kuendelea. Chupa iliyomo kwenye mfuko wa koti lake haina kifaa cha kuipima. Aliyekuwa na uwezo wa kumzuia dereva huyo ni mtu mmoja tu, muuza dawa, kwa swali la maneno matatu: "Unafanya kazi gani?" Hilo swali mimi katika maisha yangu yote sijaulizwa hata mara moja.

Ya darasani nayajua zaidi. Nilipata kuhamishiwa shule moja ya msingi yenye bweni huko nyanda za juu kusini, ambako mwezi wa Juni na Julai maji ya ndoo huuma vidole asubuhi na nusu ya watoto hukohoa. Nilikuta desturi pale. Mlezi wa bweni alikuwa na chupa kubwa ya dawa ya kikohozi, na kila asubuhi kabla ya mstari kila anayekohoa alinyweshwa kijiko cha chakula kilichojaa, mdogo kwa mkubwa. Saa tatu, kwenye kipindi cha Hisabati, watoto wale wale walikuwa wameinamia madawati. Na mwalimu wa zamu alikuwa akifanya nini? Alikuwa akiwachapa kwa kosa la kulala darasani. Shule inamnywesha mtoto usingizi kwa mkono wa kulia, na kwa mkono wa kushoto inamwadhibu kwa kusinzia! Niliagiza chupa ile ifungiwe ndani ya kabati. Haikupita wiki wazazi wawili wakaja ofisini kulalamika kwamba mwalimu mkuu mpya ni mkatili, anawanyima watoto dawa.

Katika shule nyingine, mtahiniwa wa darasa la saba alilala juu ya karatasi yake ya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi. Msimamizi alimwamsha, akaandika kidogo, akalala tena. Mama yake alikuwa amempa dawa alfajiri ile kwa nia njema kabisa, ili asiwasumbue wenzake kwa kukohoa. Alikuwa mtoto wa pili kwa uwezo katika darasa lake. Mtihani ule haurudiwi kwa sababu ya kijiko cha dawa.

Liko na jambo jingine ambalo husemwa kwa kunong'ona. Wapo wazazi, na wapo wasaidizi wa nyumbani, wanaompa mtoto mchanga dawa ya kikohozi naye hakohoi, ili alale waendelee na kazi. Huu si ujanja, ni hatari tupu. Promethazini, ambayo imo katika baadhi ya dawa hizi, huko Marekani hubeba onyo zito kabisa kwamba isipewe mtoto aliye chini ya miaka 2, kwa kuwa inaweza kumzimia pumzi. Mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya nchi hiyo ilishauri kwamba watoto wa umri huo wasipewe kabisa dawa za mafua na kikohozi za kununua bila cheti. Uingereza mwaka 2009 ikaupandisha umri huo mpaka miaka 6. Sisi huku tunauliza tu, "Ya mtoto bei gani?"

Wanaonipinga barazani wana hoja yao, na sitaki kuipita kimya. Wanasema: mgonjwa anahitaji kulala, kikohozi cha usiku kinatesa, ukimlaza mtu umemsaidia. Nakubali sehemu. Mtu mzima asiye na maradhi mengine, ambaye hana kazi usiku huo wala alfajiri yake, akipenda kunywa dawa inayolaza huku akijua kwamba inalaza, ni hiari yake. Sisemi dawa hizo ni sumu. Nasema ziuzwe kwa jina lake. Tena hata huo usiku una mipaka yake. Klofeniramini, ile ambayo sote tunaiita Piriton, hukaa mwilini muda mrefu. Baada ya saa 20 hivi nusu yake bado imo katika damu ya mtu mzima. Aliyeinywa saa nne usiku, anapowasha msumeno wa mbao saa moja asubuhi kule Mafinga, bado yumo mikononi mwa dawa. Kitanda amekiacha nyumbani, usingizi amekuja nao kazini.

Wengine husema kosa ni la mnunuzi, asome karatasi. Asome lugha gani? Nimefundisha Kiswahili na Kiingereza maisha yangu yote, na bado ninahitaji miwani na taa ili kuisoma karatasi ile iliyokunjwa mara kumi. Katika maboksi mengi yanayopita mikononi mwangu, onyo kwamba dawa huleta usingizi na kwamba mnywaji asiendeshe gari wala mashine limeandikwa kwa Kiingereza, kwa herufi za ukubwa wa chawa, upande wa nyuma, chini ya anwani ya kiwanda. Mbele kuna picha ya jani la mnanaa na neno kubwa la kusifu. Taifa hili limejivunia Kiswahili tangu Uhuru. Tunakitumia bungeni, mahakamani na kwenye kampeni. Inapofika kwenye sentensi moja ya kumwokoa dereva wa bodaboda, ati Kiswahili hakitoshi?

Nayasema haya nikijua kuwa mambo mengine yametengenezwa. Maduka ya dawa muhimu yalianzishwa mkoani Ruvuma mwaka 2003 ili mtu wa kijijini apate dawa halali kutoka kwa muuzaji aliyepewa mafunzo, na yameenea nchi nzima. Ni hatua kubwa ukilinganisha na yale maduka ya dawa baridi ya zamani. Lakini juzi niliingia katika duka moja, binti akanisalimu vizuri, "Shikamoo babu," nikaitika marahaba, nikamwambia nataka dawa ya kikohozi isiyonilaza. Akanitazama kwa huruma. "Babu, hiyo haitakusaidia. Chukua hii, utalala vizuri mpaka asubuhi." Nikamwuliza ndani yake mna nini. Akaligeuza boksi, akalitazama, akanijibu, "Mna dawa ya kikohozi."

Basi, kwa kuwa hatuambiwi, tujifunze wenyewe. Si kazi ngumu kuliko kujua majina ya wachezaji wa Yanga na Simba. Usinunue jina kubwa lililoandikwa mbele ya boksi. Majina hayo hufanana, na kampuni moja huweza kuuza chupa tatu za jina moja zenye vitu tofauti ndani. Ligeuze boksi, tafuta majina ya dawa zenyewe. Yameandikwa kwa tahajia ya Kiingereza, lakini yasome kwa sauti, silabi kwa silabi, utayatambua. Ukikuta difenhidramini, klofeniramini, promethazini au triprolidini, hiyo inalaza. Ukikuta kodeini, inalaza pia, nayo ni ndugu ya afyuni. Huzoesha mwili hata mtu asiweze kuiacha. Nigeria iliipiga marufuku katika dawa za maji za kikohozi mwaka 2018 baada ya vijana wengi kuharibika, na Uingereza mwaka 2024 iliamua isipatikane bila cheti cha daktari.

Kwa kikohozi chenye makohozi, ziko gwaifenesini, bromheksini, ambroksoli na kabosisteini, ambazo kazi yake ni kuyalainisha makohozi yatoke, na kwa kawaida hazilazi. Kwa kikohozi kikavu ipo dekstromethofani, ambayo kwa wengi hailazi sana, ila baadhi huwaletea kizunguzungu, na haifai kuchanganywa na baadhi ya dawa za sonona. Mwambie daktari unachokunywa. Jihadhari na mchanganyiko. Ziko chupa zilizo na dawa ya kulainisha makohozi pamoja na dawa ya mzio inayokausha, wawili hao ndani ya chupa moja, kama punda waliofungwa mkokoteni mmoja, huyu akielekea sokoni na huyu mtoni. Na unayemlipa ndiye unayebaki na mkokoteni palepale.

Mara nyingi huhitaji chupa yoyote. Kikohozi kinachofuata mafua huweza kudumu wiki mbili na zaidi, hata karibu tatu, kisha huondoka chenyewe, nasi tukaisifu dawa ya mwisho tuliyokunywa. Asali imejaribiwa kwa watoto na ikaonekana kupunguza kikohozi cha usiku. Mwaka 2018 washauri wa tiba wa Uingereza waliitaja miongoni mwa mambo ya kujaribu kwanza. Ya Tabora ni nzuri, na haijapata kumwangusha mtu kwenye pikipiki. Isipewe tu mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, kwani inaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo lake changa haliviwezi. Na kikohozi kikifika wiki mbili usisubiri kuhesabu ya tatu. Nenda zahanati ukapimwe makohozi. Kifua kikuu hakiogopi dawa ya maji. Vipimo na dawa zake hutolewa bure. Nimemzika mwalimu mwenzangu ambaye kwa miezi mitano alinunua chupa baada ya chupa, na kila chupa ilimpa usiku mwema. Usingizi ule ulimnyang'anya muda wa kujua anaumwa nini.

Kwa sisi wazee neno ni zito zaidi. Dawa hizi za mzio za zamani humfanya mzee achanganyikiwe, apepesuke anapoamka usiku kwenda msalani, na mwanamume mwenye tezi dume iliyovimba anaweza kuzibwa mkojo kabisa. Mwaka 1991 daktari Mark Beers wa Marekani alianza kutoa orodha ya dawa zisizowafaa wazee. Orodha hiyo huendelezwa mpaka leo, na difenhidramini na klofeniramini zimo. Tena wengi wetu tunameza dawa za shinikizo la damu. Kaptoprili, enalaprili na lisinoprili zina maudhi yanayojulikana kwa madaktari wote: kikohozi kikavu kinachokereketa kooni kisichokwisha. Mzee wa namna hiyo anaweza kunywa dawa ya kikohozi mwaka mzima, akalala mwaka mzima, na kukohoa mwaka mzima, wakati tiba yake ni daktari kumbadilishia kidonge cha presha. Asikiache mwenyewe, aende aseme.

Ninachokidai hakihitaji bajeti ya serikali. Muuzaji amwulize mnunuzi anafanya kazi gani kabla ya kutoa chupa, kama anavyomwuliza umri wa mtoto. Na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba iagize kwamba boksi la dawa ya namna hii lisiingie sokoni bila maneno haya mbele, kwa herufi ambazo mzee wa umri wangu anaweza kuzisoma bila taa: "Dawa hii inaleta usingizi. Ukiinywa, usiendeshe chombo wala mashine mpaka kesho." Nafasi ya kuyaandika ipo. Waliondoe lile jani la mnanaa.